Kimewashwa, kipo, hakipo: kuandaa violezo vya seva Dar es Salaam

Seva mpya ya mteja siku hizi inapatikana kwa dakika chache. Fundi anachagua kiolezo, yaani nakala ya mfumo iliyoandaliwa ya kuzalishia seva, anaipa mashine pepe (kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine) jina, anaigawia kumbukumbu na diski, anabonyeza, basi. Kazi kubwa ilishafanyika zamani, siku kiolezo kilipoandaliwa, na mara nyingi aliyeifanya ni mtu mwingine kabisa. Miaka niliyofanya kazi hii imenifanya niamini kwamba ubora wa seva huamuliwa siku ile, tena kwa swali ambalo mafundi wengi hulipita mbio: vipengele vya hiari vya mfumo tuvifanyeje? Kipi kiwe kimewashwa tangu mwanzo, kipi kiwepo kikisubiri kuitwa, na kipi kiondolewe kabisa?

Ofisi yetu ni ndogo. Tunatunza seva za wafanyabiashara wa hapa Dar: mawakala wa forodha wa Kurasini, maduka ya jumla ya Kariakoo, famasi, ofisi za wahasibu, SACCOS. Wengi wako kwenye Windows Server kwa sababu programu za hesabu na za stoo walizonunua ziliandikwa kwa ajili ya Windows. Ndiyo maana nitakaa zaidi huko, na Linux nitaigusa tu.

Windows yenyewe inazijua hali hizo tatu. Andika amri ya Get-WindowsFeature kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows, na kila kipengele kitaonyeshwa kikiwa Installed, Available au Removed. Cha kwanza kimewashwa. Cha pili faili zake zipo kwenye diski, ndani ya folda ya WinSxS, ila hakijawashwa. Cha tatu faili zake hazipo kabisa, na ukikihitaji lazima zitoke nje ya mashine: kwenye ISO ya usakinishaji (faili moja kubwa yenye mfumo mzima), kwenye folda ya mtandao wa ofisi, au kwenye seva za Microsoft kupitia intaneti. Utaratibu wa kuweza kuondoa faili zenyewe ulikuja na Windows Server 2012, na nia yake ni njema, maana nafasi inayotumika kwenye diski inapungua na kilichoondolewa hakiwezi kuwashwa kwa bahati mbaya.

Shida ni kwamba walioupanga walikuwa na intaneti isiyokatika.

Chukua .NET Framework 3.5, msingi wa Microsoft ambao juu yake programu nyingi za Windows huendeshwa. Ni ya zamani, lakini bado Microsoft wanaihudumia hadi Januari 2029, na programu nyingi za hesabu za wateja wetu haziwaki bila yenyewe. Tangu Windows Server 2012, faili zake hazimo ndani ya mfumo uliosakinishwa. Ziko kwenye ISO, katika folda ya sources\sxs. Fundi akiibonyeza iwashwe bila kueleza faili zitoke wapi, Windows inakimbilia intaneti. Intaneti ikiwa nzuri, hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na jambo. Ndivyo violezo vingi vinavyopita miaka bila kugundulika.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za chini ya bahari zinazotuunganisha na kusini mwa Afrika zilikatika, na intaneti ya Tanzania na ya majirani zetu kadhaa ikawa ya kubahatisha. Waliokuwa Dar wanakumbuka. Ujumbe wa maandishi ulipita kwa shida, picha hazikufunguka, malipo ya kadi yaligoma madukani. Siku hizohizo tulipokea mteja mpya kutoka Kurasini ambaye seva yake ilikuwa imekufa diski. Nakala za data alikuwa nazo, tena nzuri. Alikuwa pia na kiolezo alichoandaliwa na kampuni iliyomhudumia kabla yetu, na mashine pepe ikasimama upesi. Dada mmoja fundi wetu, kijana, akaanza kusakinisha programu ya hesabu. Kisha akanipigia.

“Kaka, inakataa. Inasema haiwezi kupakua faili za chanzo. Namba ni 0x800F0906.”

“Kiolezo kina ISO yoyote ndani?”

“Hakina. Nimetafuta diski nzima.”

Nyuma yake nilimsikia mama mhasibu wa ile ofisi. Nilipompa shikamoo kwenye simu aliitikia, halafu akasema kwa upole ambao ulinielemea kuliko angenifokea: “Marahaba mwanangu. Mimi mambo ya mafaili siyajui. Najua nina makontena bandarini, na kila siku ni hela.”

ISO ilikuwa ofisini kwetu Mikocheni. Ina ukubwa wa takriban gigabaiti tano, na kwa intaneti ya wiki ile kuituma kusingewezekana. Ikapanda bodaboda kwenye flashi. Faili iliyohitajika ndani ya gigabaiti zote hizo ilikuwa moja tu ya makumi ya megabaiti. Mtu aliyeandaa kile kiolezo angeinakili kwenye folda yoyote ya diski C, kijana wa boda asingepita foleni ya Kilwa Road jioni ile na mama yule angefunga hesabu zake mchana.

Kwetu sasa hilo ni sharti. Kila kiolezo cha Windows kina folda ya chanzo ndani yake, yenye faili za .NET 3.5 za toleo lilelile la mfumo. Nasisitiza toleo lilelile: faili za Windows Server 2016 hazikubaliki kwenye 2019, na za 2019 hazikubaliki kwenye 2022, hata kama jina la faili ni hilohilo. Kisha tunaweka sera ya mfumo inayoeleza mahali pa kutafuta faili za vipengele vya hiari, ikielekeza kwenye folda hiyo. Fundi akiwasha kipengele kwa kubonyeza tu, bila kujua lolote kuhusu chanzo, Windows inajua pa kwenda.

Sera hiyohiyo ina kisanduku kingine kinachosahaulika. Ofisi yenye seva yake ya ndani ya masasisho, yaani WSUS, huwa inaelekeza mashine zote ziulize huko badala ya kwenda intaneti. WSUS haina faili za .NET 3.5 za kusakinishia. Kwa hiyo mashine inauliza mahali pasipo na jibu na kukata tamaa, huku intaneti iko nzima. Nimewaona mafundi wazuri wakihangaika na jambo hili kutwa nzima, wakilaumu mtandao, kumbe kisanduku kimoja cha kuruhusu mashine iulize Microsoft moja kwa moja hakijawekewa tiki.

Jambo jingine linahusu mpangilio. Faili zilizo kwenye ISO ni za siku toleo lilipotoka. Ukiwasha kipengele leo kutoka kwenye chanzo hicho, unakuwa umeingiza programu isiyo na viraka vya usalama vya miaka yote iliyopita, hata kama mfumo wenyewe ulisasishwa jana. Lazima masasisho yapitishwe tena baada ya kuwasha. Kwa hiyo kipengele tunachojua kitatumika kwa karibu kila mteja wa kundi fulani tunakiwasha wakati wa kuandaa, kabla ya masasisho. Na kile tusicho na uhakika nacho tunakiacha kwenye folda pamoja na maelezo ya wazi kwamba kikiwashwa, masasisho yafuate.

Hapa ndipo kishawishi kinapoingia, nacho ni kikubwa. Mtu akishaungua na kipengele kilichokosekana, anataka kuwasha kila kitu. Nakielewa kishawishi hicho, lakini nakipinga kwa nguvu zote. Kila kipengele kilichowashwa ni huduma inayosikiliza, ni viraka vya kufuatilia, ni dakika za ziada za kuwaka, na ni mlango ambao mwenye seva hajui kwamba upo.

SMB1 ndiyo mfano ninaoutumia kila ninapomfundisha fundi mpya. Ni itifaki ya kushirikiana mafaili yenye asili ya miaka ya 1980. Windows Server 2016 ilikuja nayo ikiwa imewashwa. Kuanzia Windows Server 2019 haisakinishwi yenyewe. Kati ya matoleo hayo mawili kilitokea kirusi cha WannaCry, kilichoanza kusambaa tarehe 12 Mei 2017 kwa kutumia udhaifu wa SMB1, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. (Tarehe ni ileile ya kukatika kwa nyaya, miaka saba kabla. Kwangu tarehe 12 Mei inabeba somo la pande zote mbili.)

Sasa njoo kwenye ofisi za Dar. Ofisi nyingi zina mashine kubwa ya fotokopi iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na mashine hiyo inaskani nyaraka moja kwa moja kwenye folda ya seva. Zile za zamani zinaijua SMB1 tu. Ukihamisha mteja kutoka seva ya 2012 R2, ambayo huduma yake ya muda wa nyongeza (extended support) ilikwisha tarehe 10 Oktoba 2023, kwenda 2022, siku ya pili utapigiwa simu: skana haifanyi kazi. Njia ya mkato ni kuwasha SMB1, na fundi mwenye haraka ataiweka kwenye kiolezo kabisa ili asipigiwe tena. Hapo wateja wote watakaozaliwa kutoka kwenye kiolezo kile, hata wasio na fotokopi, wanarithi mlango wa WannaCry.

Sisi kwenye kiolezo tumeiondoa SMB1 mpaka faili zake, iwe katika hali ya Removed. Mteja mwenye fotokopi ya zamani tunakaa naye. Mara nyingi mashine ile ile inaweza kutuma skani kwa barua pepe, na mteja hakuwahi kuambiwa. Nyingine zinapata programu mpya ya ndani inayoijua SMB2. Mzee mmoja mwenye duka la vipuri Gerezani aliniuliza, “Kwa hiyo kijana unanizuilia kitu ambacho kilikuwa kinafanya kazi?” Nikamweleza ni kitu gani kilichowapata waliokuwa na kilichokuwa kinafanya kazi. Alikubali skani ziende kwenye barua pepe, na baadaye akaona ni nafuu kwake, maana anazisoma akiwa safarini.

Huduma ya kuchapisha ni jambo la aina hiyo lakini jibu lake si moja. Mwaka 2021 kulitokea udhaifu uliopewa jina la PrintNightmare, uliomwezesha mtu aliyeingia kwenye mtandao kuiteka mashine kupitia huduma ya Print Spooler, ambayo Windows huiwasha kwenye kila seva hata isiyo na printa. Kwenye violezo vyetu imezimwa. Ila wateja wanaoingia kwenye seva kwa mbali na kuchapisha hati za kupokelea mzigo kwenye printa za karatasi zenye kaboni hawawezi kuishi bila yenyewe. Kwao tuna kiolezo cha pili. Nimejifunza kutoogopa kuwa na violezo viwili au vitatu. Kiolezo kimoja cha kuwafaa wote huishia kuwa na kila kitu kimewashwa.

Kuna mambo ambayo hayaingii kwenye kiolezo kamwe, hata kwa nia njema. Kiolezo cha Windows hufungwa kwa Sysprep, inayofuta utambulisho wa mashine ili kila nakala izaliwe na wake. Seva iliyokwishafanywa kuwa msimamizi wa kikoa (kundi la kompyuta na watumiaji wa ofisi wanaosimamiwa pamoja), yaani yenye Active Directory inayofanya kazi, haipiti Sysprep kihalali. Faili za kazi hiyo ziwepo, lakini kazi yenyewe ianze baada ya nakala kuzaliwa. SQL Server nayo, programu ya hifadhidata, ukiisakinisha kwa njia ya kawaida kisha ukanakili mashine, ndani yake inabaki na jina la zamani la seva. Tangu toleo la 2008 R2 ina njia yake ya hatua mbili, kuandaa ndani ya kiolezo na kukamilisha kwenye nakala. Tunaitumia kwa wateja wa programu za hesabu na inatuokolea muda mwingi.

Majira ya saa ni jambo dogo linaloumiza watu wengi. Nakala iliyotoka kwenye Sysprep bila faili ya majibu, ile yenye mipangilio ya kuifuata inapowaka mara ya kwanza, inaweza kuamka ikiwa kwenye majira ya pwani ya magharibi ya Marekani, saa kumi au kumi na moja nyuma yetu kutegemea msimu. Risiti iliyotolewa Kariakoo saa tatu asubuhi inaandikwa tarehe ya jana usiku. Mhasibu akiona hivyo, anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: anarekebisha saa kwa mkono. Sasa saa ya ukutani inaonekana sawa, lakini saa ya ndani ya mashine, ile ya kimataifa, imepotoka kwa saa kumi au kumi na moja. Kerberos, inayosimamia watu kuingia kwenye kikoa, inavumilia tofauti ya dakika tano tu. Ofisi nzima inashindwa kuingia, na hakuna anayefikiria saa. Faili yetu ya majibu ina mstari wa E. Africa Standard Time, na ni kati ya mistari ya kwanza ninayoikagua.

Diski pia. Windows Server 2022 huweka sehemu ya uokoaji mwishoni mwa diski, baada ya C. Tunaanza na diski ndogo ili kiolezo kisafiri kirahisi, tukitarajia kuipanua kwa mteja. Siku ya kupanua, C haiwezi kukua kwa sababu sehemu ile imekaa mbele yake. Tunaiondoa mapema, kabla ya kufunga kiolezo.

Ukubwa una maana kwetu kwa sababu violezo vinasafiri. Mteja mwenye tawi Mbagala au Tegeta anayetumia modemu ya vifurushi hawezi kupakua kiolezo kwa intaneti bila kumaliza kifurushi cha mwezi. Tunavipeleka kwenye diski ya nje. Kabla ya kufunga tunaendesha DISM, zana ya Windows, kusafisha mabaki ya masasisho ya zamani kwenye WinSxS, na hapo gigabaiti kadhaa hupungua. Lakini hatuondoi faili za vipengele kwa ajili ya kubana nafasi tu. Megabaiti mia mbili kwenye diski ni bei ndogo mno ukilinganisha na siku moja ya mteja kusimama.

Kwa Linux, kanuni ni hiyohiyo ila mahali pa kuangalia ni pengine. Tatizo lililotufikia mara nyingi ni faili ya /etc/machine-id, yenye namba ya utambulisho wa mashine. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kuanzia toleo la 18.04, mashine inapoomba anwani ya mtandao hujitambulisha kwa namba inayotokana na faili hiyo. Ukinakili kiolezo bila kuifuta, nakala mbili zinapewa anwani moja, na utaamini ruta ni mbovu. Faili iachwe tupu ili kila nakala ijitengenezee yake. Funguo za SSH za mashine, zinazotumika watu wanapoingia kwenye seva kwa mbali, nazo zifutwe, kwa sharti kwamba kuna kitu, kwa kawaida cloud-init, cha kuzitengeneza upya ikiwaka. Na paketi ambazo wateja huziomba mara kwa mara tunazihifadhi kwenye hazina ya ndani ya ofisi.

Kilichobadilisha kazi yetu kuliko yote, hata hivyo, ni jaribio. Kiolezo kikishafungwa, tunazaa nakala moja kwenye mtandao usio na njia ya kutoka nje. Waya wa intaneti hauchomekwi kabisa. Kisha fundi ambaye hakuandaa kiolezo kile, na hilo ni muhimu, anashika orodha na kuwasha kila kipengele kilichoandikwa kwamba kipo. Kikigoma hata kimoja, kiolezo kinarudi. Halafu anapitia orodha ya vile vilivyoandikwa kwamba havipo na kuhakikisha kweli havipo. Yule dada fundi aliyenipigia kutoka Kurasini ndiye anayeongoza jaribio hili sasa, na ni mkali.

Orodha yenyewe inakaa ndani ya kiolezo, kwenye eneo la kazi la msimamizi, kwa Kiswahili. Kila kipengele kina mstari wake: hali yake, sababu, na mteja wa aina gani anakihitaji. Sababu ndiyo sehemu tunayogombania zaidi. “Tumekizima kwa usalama” haitoshi. Lazima iandikwe usalama dhidi ya nini, ili fundi atakayekuja baada yetu aweze kuamua kukiwasha kwa kujua, au kukiacha kwa kujua.

Sasa hivi tuko kwenye VBScript, lugha ya zamani ya kuandikia skripti za Windows. Microsoft wameshatangaza kwamba wanaiondoa kwa awamu: kwanza inakuwa kipengele cha hiari kilichowashwa, kisha takriban mwaka 2027 haitawashwa tena yenyewe, na mwisho itatoka kabisa. Wateja wetu kadhaa wana skripti za VBScript zilizoandikwa na watu walioondoka zamani, zinazohamisha mauzo ya siku kutoka dukani kwenda makao makuu kila usiku, na wenye biashara hawajui kama zipo. Tumeanza kupita mteja kwa mteja, tukifungua Task Scheduler, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, kwenye kila seva na kuandika kila kinachoishia na .vbs, nani anakitegemea, na nani anaweza kukiandika upya kwa PowerShell kabla ya kiolezo cha Windows Server 2025 kuanza kutumika.